Jembe la Fundi Wetu: Namna ya Kulichagua, Kulitumia na Kulitunza

Fedha za bonasi zikitoka, maduka ya Kericho, Litein, Kapkatet, Bomet na Sotik hujaa watu. Mkulima aliyelipwa chai yake hulipa karo ya shule, hununua mabati na mbolea, na mwishowe, zikiwa zimebaki shilingi chache mfukoni, hukumbuka jembe. Huingia dukani, huchukua lile la bei ya chini lililopakwa rangi nzuri, akarudi nyumbani. Baada ya msimu mmoja jembe hilo limejikunja kama kijiko au limepasuka tunduni, na mwenyewe husema, "Siku hizi hakuna chuma."

Wasomaji wetu, chuma kipo. Kilichopungua ni maarifa ya kukitambua, na subira ya kumlipa fundi anayekijua.

Karibu na kwangu yupo mama mzee mjane ambaye sote humwita Kogo. Yeye na marehemu mumewe walipata kipande chao cha ardhi wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipokatwa na kugawiwa wananchi, katika mpango ulioanza mwaka 1962. Mwaka jana nilimkuta akipalilia mboga kwa jembe dogo, kama kiganja cha mkono. Nikadhani ni jembe la mtoto. Kogo akacheka.

"Mwalimu," akasema, "jembe hili lilikuwa pana kuliko uso wako. Baba watoto alilinunua kwa fundi kabla kifungua mimba wangu hajaingia shule. Udongo umelila, lakini halijavunjika."

Akanionyesha mahali pawili ambapo fundi alikuwa ameunga makali mapya. Kisha akaingia ghalani, akatoka na gunia, akalimwaga uani. Yakaanguka majembe saba ya dukani, yote yameharibika, yote yamenunuliwa na wanawe katika miaka michache. Majembe saba ndani ya gunia moja! Hizo ni kilo nyingi za majani ya chai zilizochumwa kwenye baridi ya asubuhi, kisha zikatupwa ghalani.

Habari hii yahusu jembe la Kogo na lile gunia lake.

UFUNDI HUU SI MGENI

Kufua chuma ni kazi ya tangu zamani katika nchi yetu. Wakipsigis na Wanandi walikuwa na wahunzi wao, walioitwa kitongik, ambao walifua mikuki, visu na mashoka. Upande wa ziwani, wahunzi wa Samia walichimba mawe ya chuma katika vilima vyao, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa mbali na hata kutolewa mahari. Kusini ya ziwa hilo, Warongo wa upande wa Geita walifanya kazi kama hiyo, na majembe yao yalilimia nchi za Usukuma na Unyamwezi.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, ikipita Londiani, Lumbwa ambayo leo ni Kipkelion, na Fort Ternan. Ikaleta majembe ya Ulaya kwa bei rahisi. Matanuru ya kuyeyushia mawe yakazimika moja baada ya jingine, lakini nyundo haikunyamaza. Mhunzi aliacha mawe, akachukua vyuma vikuukuu vya magari na mashine, akaendelea kufua.

Mafundi hao ndio tunaowaita leo jua kali, kwa sababu wengi wao walifanya kazi bila paa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa juu ya Kenya ikieleza kwamba mafundi wadogo kama hao wanazalisha mali ya kweli na wanastahili kusaidiwa. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na baadaye vibanda vikajengwa. Mwaka 1992 Serikali ikatoa waraka maalum wa kuendeleza biashara ndogo na kazi za jua kali. Kwa hiyo mtu asimdharau fundi wa sokoni kwamba ni mtu wa kubahatisha. Yeye ni mrithi wa ufundi mkubwa.

KWA NINI CHUMA KIMOJA HUKATA NA KINGINE HUPINDA

Vyuma vyote si ndugu. Chuma cha bati, cha pipa la mafuta, na kile cha nondo nyingi za kujengea ni chuma laini. Huweza kukunjwa bila kuvunjika, lakini makali yake hayakai. Kwa jembe au panga yafaa chuma cha pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kwa kiasi cha kutosha. Mahali ambapo fundi wetu hukipata kwa urahisi ni katika springi za bapa za malori yaliyochakaa. Springi hizo huwa na kaboni kama sehemu 5 au 6 katika kila sehemu 1,000 za chuma. Hicho ni kiasi kidogo, lakini ndicho kitofautishacho jembe la Kogo na lile la guniani.

Hata hivyo, springi peke yake haitoshi. Kazi kubwa ni moto na maji. Fundi hukipasha chuma hadi kiwe chekundu chenye kung'aa, akakifua juu ya fuawe mpaka kipate umbo. Halafu hukipasha tena na kukizamisha ghafla ndani ya mafuta au maji. Kazi hii huitwa kutia chuma maji. Hapo chuma huwa kigumu sana, tena chepesi kuvunjika kama chupa. Kwa sababu hiyo fundi mwema haishii hapo. Hukisugua mpaka king'ae, akakirudisha polepole karibu na moto huku akitazama rangi ikitembea juu yake: kwanza manjano kama nyasi kavu, kisha zambarau, kisha buluu. Kisu cha kukatia vitu laini huweza kuishia kwenye manjano. Jembe, ambalo hupigwa na mawe na mizizi, yafaa lifike buluu, ili liwe gumu na bado lijue kusamehe.

Fundi asiye na subira huruka hatua hii ya mwisho, na jembe lake hupasuka siku ya kwanza. Fundi mwingine haliti maji kabisa, na jembe lake hupinda. Basi ukisikia mtu akisema kuwa majembe ya jua kali hayafai, mwulize ni ya fundi gani.

NAMNA YA KUCHAGUA

Huhitaji mashine ili kutambua zana njema. Fanya haya, na usione haya kuyafanya mbele ya mwuzaji.

Kwanza, uliza chuma kimetoka wapi. Fundi mwaminifu atakuonyesha springi yenyewe. Kama ni chuma cha reli, cha alama za barabarani au cha nguzo za umeme, usikinunue hata kikiwa kizuri namna gani. Biashara ya vyuma vikuukuu ina sheria yake ya mwaka 2015, na mwezi wa Januari 2022 Serikali iliisimamisha kwa muda baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Jembe la wizi hulima hasara ya nchi nzima.

Pili, lishike jembe likining'inia, ulipige kwa jiwe dogo au kipande cha chuma, usikilize. Chuma kizima hulia kama kengele, na sauti yake hukawia. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Tatu, jaribu kwa tupa. Pitisha tupa kidogo penye makali. Ikizama na kula chuma kama sabuni, chuma ni laini mno. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno nacho kitavunjika. Ikishika kidogo na kuacha unga mwembamba, nunua.

Nne, kama ni panga, weka ncha yake juu ya ubao na ulikunje kidogo kwa mkono, kisha uliachie. Lirudi likiwa limenyooka. Likibaki limepinda, mwachie mwenyewe.

Tano, tazama tundu la mpini. Hapo ndipo majembe mengi hufia. Tundu liwe limenyooka, kuta zake ziwe nene, na kama limechomelewa, kiungo kiwe kimejaa pande zote bila vishimo. Rangi nyingi mahali hapo ni jambo la kutiliwa shaka, maana rangi huficha nyufa.

Mwisho, mwombe fundi apige alama yake juu ya chuma, iwe herufi au nukta. Fundi anayeweka alama anakubali kurudishiwa kazi mbaya. Ukinunua zana ya kiwanda, tazama nayo kama ina alama ya KEBS, shirika la viwango la taifa lililoanzishwa mwaka 1974.

ZANA ZINAZOMTOSHA MKULIMA WA CHAI

Si lazima kuwa na zana nyingi. Afadhali sita njema kuliko ishirini zinazolala guniani. Kusanya moja moja, kila bonasi moja, mpaka uzipate zote.

Ya kwanza ni jembe la meno, lile ambalo wengi huliita foki. Hili ndilo la kung'olea sangari kabla ya kupanda, kwa kuwa jembe bapa hukata mizizi ya sangari vipande vipande, na kila kipande huota. Kazi yake nyingine ni kutoa mizizi ya miti katika ardhi iliyokuwa msitu au boma la miti. Mizizi ikibaki chini, ugonjwa wa kuvu uitwao Armillaria huishi ndani yake na kuhamia kwenye michai, nayo hukauka mmoja mmoja. Meno yakiwa laini hupinda penye mzizi wa kwanza, na mchimbaji akichoka hufukia mizizi iliyobaki. Miaka michache baadaye yeye huona michai ikifa na kudhani amerogwa. Hakurogwa, alinunua jembe baya.

Ya pili ni jembe bapa, kwa mahindi, viazi na mboga. Katika chai iliyokwisha kushika lisizamishwe, kwa kuwa mizizi inayolisha mchai iko karibu na uso wa ardhi. Kwangua tu, au ng'oa magugu kwa mkono.

Ya tatu ni panga la kazi zote, na ya nne ni shoka.

Ya tano ni kisu cha kupogolea chai, nacho kinahitaji maneno zaidi. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne hivi, na siku hiyo mkulima hukata karibu mavuno yake yote ya baadaye kwa mkono wake mwenyewe. Kila tawi huachwa na kidonda. Kisu kikali huacha kidonda laini, ambacho mti hukifunika upesi. Kisu butu hupasua tawi na kuchana gome, na katika mipasuko hiyo maji hukaa na ugonjwa wa kuoza mti huingia, ukashuka mpaka kwenye shina.

Nasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilipogoa mistari mitatu ya chai yangu kwa panga jipya la bei rahisi, ambalo makali yake yalijikunja kabla ya saa nne asubuhi. Sikwenda kulinoa, nilipiga kwa nguvu zaidi. Mistari ile hadi leo ina mapengo, na jirani aliyetumia kisu cha fundi siku ile ile hana pengo hata moja. Udongo ni mmoja na mvua ni moja.

Kisu cha kupogolea kiwe na uzito wa kutosha ili kikate kwa pigo moja, na kiinuke kidogo nchani. Mweleze fundi kwamba ni cha chai, naye atajua. Kata kwa kufuata mteremko wa ardhi, ili meza ya mchai ilale sawa na kilima. Kisha funika michai kwa matawi yaliyokatwa, jua lisiyachome magome yaliyozoea kivuli. Mashauri ya namna hii yamefanyiwa kazi hapa hapa Kericho, ambapo taasisi ya utafiti wa chai ilianzishwa mwaka 1951, na baadaye kazi hiyo ikawekwa chini ya KALRO.

Ya sita ni tupa, pamoja na jiwe la kunolea. Mtu mwenye mapanga matatu bila tupa hana panga hata moja.

MPINI NI NUSU YA ZANA

Wakulima wengi hununua chuma kizuri na kukitia mpini wa mkaratusi mbichi. Mti huo ukikauka hunywea na kupasuka, na jembe huanza kucheza. Jembe linalocheza huchosha mgongo, na likichomoka laweza kumuua mtu.

Wazee wetu walijua miti ya kazi hii. Emdit, yaani mzeituni wa mwituni, ni mgumu na mzito. Kuriot hunyumbulika bila kuvunjika, na wengi huusifu kwa mipini ya jembe na shoka. Kata tawi lililonyooka, liache gome lake, liweke kivulini mahali pakavu miezi kadhaa kabla ya kulichonga. Likikauka juani au mekoni litapasuka. Ukisha kulitia tunduni, piga kabari ya mti mgumu.

Usiingie katika Msitu wa Mau kutafuta mpini. Panda miche michache ya miti hii ukingoni mwa shamba lako. Haikui upesi, lakini mwanao atakushukuru.

KUTUNZA

Zana njema iliyotupwa uani haina tofauti na mbovu. Baada ya kazi, kwangua udongo kwa kijiti, pangusa kwa kitambaa, na mara moja kwa juma paka mafuta ya injini yaliyotumika. Visu vya chai pangusa vizuri zaidi, maana utomvu wa majani hula chuma. Tundika zana zote ukutani, kila moja mahali pake, na uchore umbo lake kwa makaa nyuma yake. Jioni ukiona umbo halina zana, utajua kuna kitu kimesahauliwa shambani kabla mvua haijakipata.

Lipo kosa moja ambalo nimeliona katika nyumba nyingi. Mpini ukivunjika ndani ya tundu, watu hulitupa jembe motoni ili kipande kile kiungue. Moto wa jiko hauna rangi ya buluu wala subira ya fundi. Huondoa ile kazi yote ya kutia maji, na tangu siku hiyo jembe ni laini. Kitoe kipande kwa msumari mnene na nyundo. Ikiwa hapana budi kutumia moto, zika ubapa wote wa jembe katika udongo uliolowa maji, uache tundu peke yake juu, kisha uweke makaa machache hapo.

Wala usimwuzie mnunuzi wa vyuma vikuukuu jembe zuri lililolika. Atalipima kwa kilo pamoja na masufuria. Lirudishe kwa fundi aliunge makali mapya, kama alivyofanya Kogo mara mbili.

BEI YA FUNDI NDIYO BEI YA JEMBE

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa soko letu nikamwuliza kwa nini mbele yake amepanga majembe mema na mabaya pamoja. Hakuficha. Alichukua lile jepesi akalipinda kwa mikono.

"Mwalimu," akasema, "hili nimelifua kwa chuma laini kwa sababu wateja wananibana. Jembe la springi lanila nusu ya siku na makaa ya debe zima. Nikitaja bei yake, mtu ananiambia kwamba dukani ni nusu. Wakinipa bei ya bati, nitawapa bati. Mwanangu ameona, naye amekataa kushika nyundo. Amekwenda kuendesha bodaboda."

Maneno hayo yalinitia hofu. Tuseme, kwa mfano tu, jembe la duka ni shilingi 500 nalo hudumu mwaka mmoja, na la fundi ni shilingi 1,000 nalo hudumu miaka sita. Kwa miaka hiyo sita wa duka atalipa shilingi 3,000, na mwenzake shilingi 1,000 na malipo madogo ya kuunga makali. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la tatu aijua. Lakini sokoni tunaisahau, tunambana fundi, naye anapunguza chuma, kisha tunasema kwamba kazi ya nyumbani haifai. Nyundo ikinyamaza sokoni, hatutakuwa tena na mahali pa kuunga makali, wala mtu wa kumweleza kisu tunachokitaka.

Yapo mambo ambayo majirani waweza kuyafanya pamoja. Watu kumi wa kituo kimoja cha kununulia chai waagize visu kumi kwa fundi mmoja, wampe malipo ya kwanza anunue springi na makaa, nao wakubaliane naye kwamba kisu kitakachopinda kitarudishwa. Fundi atapata kazi ya uhakika, nao watapata zana za aina moja kabla ya wakati wa kupogoa. Na kijana atakayeona baba yake analipwa vizuri huenda akaishika nyundo.

Nilipomwambia Kogo kwamba nitaandika habari za jembe lake, aliliinua akalitazama, akaniambia niwaulize wasomaji swali moja tu: ghalani kwenu lipo gunia?